Majongoo ya Saadani Mezani kwa Bwana Lam

Bagamoyo, 6 Mei 1951

Kwa Baba yangu mpenzi, Mzee Pazi bin Majaliwa, aliyeko Saadani.

Shikamoo Baba, na amani ya Mungu iwe juu yako. Kwanza goti. Dawa niliyompa dereva wa gari la chumvi akuletee, uliipaka au uliitia juu ya dari kama ile ya mwaka jana? Nijibu kweli. Sisi huku ni wazima: mume wangu Nasser, baba mkwe Mzee Mahfoudh na mama mkwe Bi Shaikha, ambao kila wakiniona na kalamu huniambia, "Msalimie sana mkwe wetu." Habari ya mjukuu bado. Ikiwapo utaijua kabla ya majirani, kwa hiyo usiniulize tena.

Sasa nikupe habari ya mji. Tumepata Mchina! Anaitwa Bwana Lam, asili yake Kantoni, lakini amekaa Unguja miaka mingi na Kiswahili anakisema vizuri kuliko dereva wako wa chumvi. Yeye na mkewe wamekodi duka moja la zamani katika mtaa wa Wahindi, wakalipaka chokaa, wakaweka meza, wakafungua hoteli. Wiki mbili za mwanzo hakuingia mtu ila nzi. Watu walisema anapika nyoka. Wengine wakasema chura. Fundi cherehani wa jirani yake aliapa kwa kiapo kikubwa kuwa kamsikia paka akilia jikoni.

Baba mkwe hawezi kusikia neno asilichunguze. Akaenda, akapiga hodi mlango wa nyuma, akaomba kuonyeshwa jikoni, akafunua kila sufuria, akanusa. Akauliza nani anachinja. Akaonyeshwa Mzee Mosi, yule muuza kuku wa sokoni, ameketi uani na kisu chake, ndiye anayewachinja kuku wote wa pale kwa Bismillahi. Nguruwe haingii nyumba ile, na mafuta ni ya ufuta. Alhamisi Mzee Mahfoudh akatuchukua sote. Nyuma kuna chumba chenye pazia kwa ajili ya watu na familia zao, kwa hiyo na sisi wanawake tulikaa kwa raha.

Baba, sijui nianzie wapi. Wakaleta wali mweupe, hauna nazi, hauna chumvi, hauna hata hiliki moja. Bi Shaikha akaninong'oneza, "Kwani kuna mgonjwa?" Kisha wakaleta vyakula vyake, kila kimoja na sahani yake: kuku mwekundu anayeng'aa, maharage mabichi, bilingani, na samaki changu mzima mwenye kichwa na mkia. Sisi tukafanya tunavyojua. Nasser akaomba sinia, akamwaga wali wote katikati, akamwaga kuku juu yake, na maharage, na bilingani, na mchuzi wa kila kitu, tukaosha mikono tukajisogeza. Bwana Lam akaingia wakati huo huo. Alisimama mlangoni akalitazama lile sinia kama mtu aliyefika akakuta nyumba yake imeungua. Nusura alie! Kumbe wali wao hukaa peke yake kibakulini, na kila sahani huonjwa kwa zamu, kidogo kidogo, ili ladha moja isiiharibu nyingine. Baba mkwe alimwomba radhi, na Bwana Lam akacheka mpaka akakaa chini.

Yule changu ndiye aliyebaki hajamwagwa, basi tukamla kwa adabu. Kapikwa kwa mvuke tu. Juu yake tangawizi iliyokatwa nyembamba kama uzi na majani ya vitunguu, kisha mkewe Bwana Lam akaja na kijiko cha mafuta ya moto akamwagia pale pale mezani, ikapiga kelele, harufu ikajaa chumba. Samaki yule alikuwa bado anadhani yuko baharini. Mimi niliyelelewa kwa samaki nilijiona sijawahi kula samaki.

Sasa Alhamisi ndiyo siku yetu ya kwenda. Ningependa uone.

Mwanao,
Mwaija


Saadani, 27 Mei 1951

Kwa binti yangu Mwaija, jicho langu.

Marahaba mwanangu. Mimi mzima, mbuzi mzima, goti linaendelea na ukaidi wake. Dawa iko juu ya dari. Umeniambia nijibu kweli.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa nakula muhogo mkavu, nikakulaani kidogo. Lakini kuna jambo halinipi usingizi tangu nilipoona neno Mchina. Mwanangu, wewe unajua kazi yangu. Mwaka huu wa thelathini na mmoja natoka na bamvua, maji yanapokupwa mbali, naokota majongoo ya pwani yaliyolala mchangani kama matango, nayakata, nayachemsha kwenye pipa, nayafukia mchangani usiku mmoja, nayasugua kwa majani ya mpapai mpaka vidole vinatoka ngozi, nayachemsha tena, nayaanika mpaka yanakuwa magumu kama kokoto. Kisha anakuja Alawi dalali, anayatia guniani, anaondoka nayo kwa Wachina. Na mpaka leo sijui wanayafanya nini! Alawi anasema ni dawa ya kifua. Mwingine alinihakikishia kuwa wanatengenezea gundi ya viatu. Mimi mwenyewe sijayaonja hata siku moja. Hapa kijijini ukimwambia mtu aonje jongoo la pwani ni sawa na kumtukana. Wewe mwenyewe unakumbuka watu walivyokuwa wakiziba pua wakipita kwetu.

Basi nakutuma. Mtazame huyo Bwana Lam, uniambie kama anayapika, na yakipikwa yanakuwaje. Nimeyafanyia kazi umri wangu wote. Nataka kujua nilikuwa nafanya nini.

Wasalimie wakwe. Na jambo moja, usinikasirikie, nauliza ili siku moja nisije nikateleza ulimi nikakuharibia: kwa wakwe zako bado mimi ni mfanyabiashara wa samli?

Babako,
Pazi


Bagamoyo, 10 Julai 1951

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Idi njema, na Mungu akupokelee funga yako. Nimekawia kujibu, na si Ramadhani peke yake iliyonikawiza. Afya zetu ni njema. Ndiyo, bado ni samli. Naona aibu kuandika hivyo, lakini umeuliza.

Nilitaka kukuandikia kuwa Mchina hapiki majongoo, yakaisha. Sasa sikiliza yaliyonipata.

Idi pili Mzee Mahfoudh alikuwa na wageni, ndugu wa Bi Shaikha kutoka Pangani, akawaalika kwa Bwana Lam. Siku kadhaa kabla, Bwana Lam alimwambia, "Niachie mimi, nitakupikia chakula ambacho hujawahi kuletewa." Tukaketi nyuma ya pazia, watu kumi. Zikaja sahani zake za kawaida, nasi siku hizi tumeshapata adabu, kila mtu na kibakuli chake, hata vijiti Nasser anavishika, ingawa nusu ya kuku huishia mapajani. Mwisho akaja Bwana Lam mwenyewe na sahani kubwa yenye kifuniko. Akasema, "Hiki kwetu hapikiwi mgeni wa hivi hivi. Mtu humpikia baba yake akitimiza miaka sitini. Humpikia mkwe wake."

Akafunua. Baba, nilijua kabla hajataja jina. Yalikuwa yamelala kwenye mchuzi mweusi mzito, yamevimba, yanang'aa, yamezungukwa na mboga za kijani, lakini umbo ni lile lile nililokuwa nikilipanga juu ya jamvi mbele ya nyumba yetu mpaka uliponileta huku kwa baba mdogo Bwanaheri nisome.

Bwana Lam akasema, "Majongoo ya pwani." Bi Shaikha akarudisha mkono. Wageni wa Pangani wakatazamana. Mzee Mahfoudh akauliza kama ni kitu cha baharini, akaambiwa ndiyo, akasema, "Basi ni halali," akapiga Bismillahi akatia kipande mdomoni. Akafumba macho. Tukamngoja. Alipoyafumbua akachukua cha pili, na hapo kila mtu akanyoosha kijiko.

Uliniuliza yanakuwaje. Ni laini, laini kuliko kongoro iliyopikwa usiku kucha, lakini hayanati menoni wala hayana mafuta. Peke yake hayana ladha, ila yamekunywa ladha ya kila kitu kilichokuwa sufuriani, tangawizi na kuku na kitu fulani cha moshi, na ukiyatafuna yanakurudishia polepole. Ni chakula kizuri kuliko vyote nilivyokula maishani, na nakuambia hivi si kwa kuwa wewe ni baba yangu.

Bwana Lam alisimama pale akatueleza. Anayaloweka siku tano, anabadilisha maji asubuhi na jioni, na tone moja tu la mafuta likigusa chombo yote yanayeyuka na kazi imepotea. Kila mtu akamsifu. Akakataa sifa. Akasema, "Kazi yangu ni ndogo. Kazi ni ya yule aliyeyakausha. Nanunua majongoo ya pwani hii toka Kilwa mpaka Tanga. Mengi yamepasuliwa tumbo zima, yana mchanga ndani, yamechemshwa na mtu mwenye haraka. Lakini kuna mtu mmoja huko Saadani. Mkato wake ni mdogo, mdomoni tu, hauzidi ukucha. Yake nikiyaloweka halipasuki hata moja. Miaka sita naipokea kazi ya mkono wake na dalali hataki kunitajia jina lake. Ningependa nimwone mtu huyo kabla sijafa."

Watu wote wakasema mashallah. Na baba mkwe akanigeukia mimi. "Mwaija, baba yako si yuko Saadani? Mwandikie. Mfanyabiashara mkubwa kama yeye hawezi kukosa kumjua."

Nikasema, "Nitamwandikia, Baba." Kisha nikanywa chai yote iliyokuwa mbele yangu, na ilikuwa ya moto mno.

Basi nakuandikia. Nimeambiwa nikuulize kama unamjua mtu huyo.

Mwanao,
Mwaija


Saadani, 24 Julai 1951

Binti yangu Mwaija,

Marahaba. Mimi mzima kupita kiasi. Barua yako ilifika niko pipani, mikono imejaa utelezi, nikamwomba dereva anisomee, kisha nikamnyang'anya kwa sababu alikuwa anasoma kama anayehesabu magunia.

Nimekaa chini, mwanangu. Nilikaa mchangani pale pale na moto ukazimika. Siku tano analoweka! Asubuhi na jioni! Kumbe huko mbele kuna mtu anayachunga kama mimi ninavyoyachunga huku, na hatujuani. Ule mkato mdogo nilifundishwa na marehemu babu yako, na vijana wa hapa wamenicheka kwa ajili yake miaka yote, wanasema Mzee Pazi anayatahiri majongoo. Wao wanapasua thelathini nikiwa sijamaliza kumi. Nami sikujua kama kuna anayetazama. Kumbe yupo. Namwombea dua Mchina yule kila baada ya sala.

Sasa swali la mkweo. Mwambie namjua mtu huyo. Ni mfupi, miguu imepinda kidogo, ndevu zimeshika moshi. Ana mbuzi mmoja na binti mmoja. Binti amemsomesha mjini kwa nduguye, akaolewa na watu wazuri, na siku ya nikaha mtu huyo hakuhudhuria, alimpa mdogo wake Bwanaheri uwakili amwozeshe, kwa kuwa binti aliandika, "Baba, nakuomba usije." Hakukasirika. Alivaa kanzu yake siku ile akakaa nayo hapa hapa kutwa.

Mwambie hayo, au mwambie nusu yake, au usimwambie kitu. Utakalochagua mimi nitalifuata.

Babako,
Pazi


Bagamoyo, 2 Septemba 1951

Baba,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Sisi hatujambo.

Nimekaa na barua yako wiki tano. Nimemwambia Mzee Mahfoudh kuwa uliuliza na hukumpata mtu huyo. Alisikitika, akasema basi. Nisingeweza, Baba. Wale wageni wa Pangani walikuwa bado wapo, na Bi Shaikha huwaambia watu wote jinsi nilivyotoka nyumba ya biashara. Nikisema sasa, wataniuliza ni nini kingine nilichowadanganya. Labda baadaye, nikishapata mtoto, itakuwa rahisi.

Nakuletea majani ya chai ya Bwana Lam. Wao hawatii sukari. Usiyatie juu ya dari.

Mwanao,
Mwaija


Saadani, 30 Septemba 1951

Mwanangu Mwaija,

Marahaba. Chai nimeinywa. Ni chungu na ni nzuri, na nilitia sukari, asijue Bwana Lam.

Nina habari ya kukupa, na nakuomba uisome umekaa. Alhamisi iliyopita nilikuwa Bagamoyo.

Sikukuambia kuwa nakuja, ungepata homa bure. Nilitaka kula tu. Nina miaka sitini na miwili, nikasema nisije nikafa kabla sijakionja kitu kilichonila mgongo. Jumatano nilioga kwa sabuni, nikaoga tena kwa ndimu, nikavaa kanzu, nikapanda gari la chumvi. Dereva alifungua dirisha hata hivyo.

Sitakudanganya: ningeweza kwenda siku nyingine. Nilijua Alhamisi ndiyo siku yenu. Sikuja kukuaibisha, Mungu ni shahidi yangu, lakini miaka minne sijaisikia sauti yako, nikasema kama nitabahatika kuisikia nikiwa mbali, inatosha.

Hoteli ni safi, mwanangu, hukutia chumvi. Nikakaa meza ya mlangoni. Akaja mtu mwembamba mwenye aproni, nikajua ndiye. Nikamwambia nataka majongoo. Akaniambia kwa upole kuwa huyapika kwa kuagizwa tu, ila leo yapo, kuna watu nyuma ya pazia wameagiza, na sufuriani yamebaki machache. Akaniletea kibakuli kidogo.

Niliyatazama kwanza. Niliyajua moja moja, kama mtu anavyowajua kuku wake. Yalikuwa ya bamvua la mwezi wa sita, siku ile ya mvua nilipofikiri hayatakauka. Nikala. Mwaija, wewe uliyaeleza vizuri, lakini hukueleza yote. Nilipolitafuna la kwanza nilikumbuka kila asubuhi niliyoamka na baridi nikaingia majini nikijiambia kuwa nafanya kazi chafu kwa sababu sijui nyingine. Haikuwa chafu. Ilikuwa kazi nzuri, tangu siku ya kwanza, na mimi ndiye niliyekuwa sijui. Nililia, mwanangu. Mzee mzima, kijiko mkononi, machozi kwenye ndevu.

Bwana Lam akaja mbio akidhani pilipili. Nikamwambia, "Haya ni yangu." Hakunielewa. Nikamwonyesha mkato kwa ukucha wangu. Akanishika mkono, akaugeuza kiganja juu, akayatazama yale mabaka ya moto na vidole vilivyoliwa na mpapai, akautazama muda mrefu. Halafu akaita mkewe kwa lugha yao, mama wa watu akatoka jikoni mikono ina unga, wakasimama mbele yangu wote wawili wakainamisha vichwa. Mimi! Sijui kama niliitikia vizuri. Nilisema tu, "Karibuni, karibuni," kama niko kwangu.

Kisha akasema, "Mzee, nyuma ya pazia kuna watu wanaokusifu kila wiki. Ngoja niwaite wakuone." Akashika pazia kabisa. Na wakati huo nikakusikia unacheka. Kuna mtu alisema jambo nawe ukacheka, kile kicheko chako cha kuanzia puani, hakijabadilika tangu utoto. Nikamshika Bwana Lam nguo. Nikamwambia, "Waache wale." Akasema wataudhika wakijua nilikuwa hapa. Nikamwambia, "Waache, tafadhali, chakula kitapoa."

Nikamaliza kibakuli, nikashukuru, nikatoka. Sikuchungulia. Usiku nililala msikitini na asubuhi nikarudi na gari.

Sikuandikii ili uone vibaya. Nakuandikia kwa sababu uliniambia ungependa nione, na sasa nimeona. Chakula kile ni kweli ndicho kizuri kuliko vyote. Na wewe unacheka, basi unakaa na watu wema. Nimeridhika.

Babako,
Pazi


Bagamoyo, 6 Oktoba 1951

Baba yangu,

Shikamoo. Na tena shikamoo. Hii ya pili ni ya Alhamisi ile, niliyokunyima ukiwa hatua nne kutoka nilipoketi.

Barua yako ilifika jana baada ya sala ya Ijumaa, tukiwa sebuleni wote, chakula kimekwisha. Nilianza kuisoma kimya, kama siku zote. Nilipofika pale uliposema nilicheka, sikuweza kuendelea. Bi Shaikha akaniuliza kama kuna msiba. Nikasema, "Ngojeni." Nikarudi mwanzo, nikaisoma kwa sauti, Baba, yote, toka chai na sukari mpaka neno la mwisho. Kisha nikaenda chumbani nikaleta na ile ya mwezi wa saba, nikawasomea nayo, pamoja na ile habari ya kanzu uliyokaa nayo kutwa siku ya nikaha yangu. Nikawaambia hakuna samli, haijawahi kuwapo samli. Nikawaambia nilipokuja mjini watoto waliniita Mwaija Majongoo na kuziba pua, nami nikaapa kuwa nikikua hakuna atakayejua. Nilikuonea haya, Baba. Naliandika neno hili lilivyo kwa sababu unastahili kulisoma kutoka mkononi mwangu, si kulibahatisha.

Nasser aliinama. Bi Shaikha alinitazama akasema, "Miaka mitatu nadhani unatuficha baba mlevi!" akaanza kulia. Lakini mimi nilikuwa namtazama Mzee Mahfoudh.

Alivua kofia akaiweka gotini. Nikadhani ataniambia nifunge virago. Kisha akasema polepole, "Mkwe wangu ametoka Saadani kwa gari la chumvi. Amekula peke yake kama msafiri asiye na mtu, kalala msikitini, na mimi niko nyuma ya kitambaa nakula jasho lake na kucheka." Akanigeukia. Baba, sijawahi kumwona amekasirika hivyo. Akasema, "Kazi yake ulitaka kuificha, hilo ni lako na yeye. Lakini umenifanya mimi mtu aliyemwacha mkwewe mlangoni. Hilo ni langu, na nitalifuta mwenyewe." Akachukua fimbo yake akatoka.

Nilifikiri amekwenda kwa kadhi. Alikwenda kwa Bwana Lam. Walirudi wakati wa alasiri, wote wawili, na Bwana Lam ananitikisia kichwa kama mimi ndiye mtoto mtundu kuliko wote wa pwani hii. Anasema alijua yule mzee anaficha jambo, kwa kuwa hakuna mtu anayelikataa pazia lililokwisha kushikwa. Wakaketi uani wakapanga mambo bila kuniuliza.

Jumatano ya tarehe 17 tunakuja. Baba mkwe, Bi Shaikha, Nasser na mimi. Bwana Lam na mkewe wanafunga hoteli siku tatu, wanakuja na karai lao na tangawizi gunia zima, wanataka kuona pipa lako na ule mkato kwa macho yao. Mzee Mahfoudh amesema hataki upike chochote wala uazime mikeka kwa watu. Anataka kuketi nawe mchangani, ale utakachokula.

Nami nina ombi langu. Usioge kwa ndimu. Usivae kanzu. Jumatano kuna bamvua, nimetazama kalenda, kwa hiyo endelea na kazi yako kama sisi hatuji. Nataka wakukute pipani, umevaa lile shuka la kazi, moshi umekuingia machoni, na harufu yote. Vijana wanaokucheka nao wawepo, kama wana nafasi.

Mimi nitatangulia kushuka garini. Asinisogelee mtu, wewe wala wao, mpaka nimefika. Nitakuja mwenyewe mpaka pipani, nitakushika mkono huo huo alioushika Bwana Lam, na nitawageukia niwaambie wewe ni nani. Nimeshajaribu kulisema hapa chumbani peke yangu, na kila mara sauti inakatika. Kama itakatika na huko, nivumilie, nitalimaliza.

Mwanao,
Mwaija